Sura ya Sita: Shaka ya Daktari

Kati ya mwaka 1984 na 1994, wanaume 403 waliougua UKIMWI katika eneo la Seattle, Marekani, walitibiwa na madaktari wa familia 125 waliofanya kazi chini ya mfuko mmoja wa afya. Bima ilikuwa moja, na dawa zilizokuwapo, ambazo wakati huo hazikuwa nyingi, ziliwafikia kwa utaratibu mmoja. Mtafiti Mary Kitahata na wenzake walipopekua majalada yao walikuta jambo zito. Kwa wagonjwa walioangukia kwa madaktari wasio na uzoefu na ugonjwa huu, nusu walifariki kabla ya miezi 14 kutimia tangu UKIMWI ulipothibitishwa. Kwa wagonjwa wa madaktari wazoefu, nusu walifika mwezi wa 26. Mwaka mzima wa uhai ulitegemea mgonjwa aliingia chumba cha daktari yupi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na nimeyatanguliza kwa sababu tukizungumzia dawa za kufubaza virusi tumezoea kuhesabu vidonge, bei na wafadhili, tukamsahau mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, mwenye kalamu, anayeamua kama dawa itaandikwa leo, mwezi ujao au kamwe.

Kwetu Afrika Mashariki madaktari wa familia wenye shahada ya ubingwa bado ni wa kuhesabika. Kazi yao hufanywa na tabibu wa zahanati, afisa tabibu wa kituo cha afya na muuguzi ambaye kijiji kizima humwita sista. Hao ndio wanaojua kwamba bibi fulani ana presha, mjukuu wake ana pumu, na baba wa nyumba ile amekonda tangu masika. Daktari wa familia wa Seattle na tabibu wa Sumbawanga wametenganishwa na mshahara na vifaa, lakini swali linalowafika ni moja: nimwamini mgonjwa huyu na dawa hii?

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba shaka ya madaktari juu ya ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, tangu mwanzo imekuwa na mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni dawa yenyewe: je, inafanya kazi, inaumiza kiasi gani, itadumu? Mzizi wa pili ni mgonjwa: je, atameza, atakumbuka, atajizuia, anastahili? Shaka ya kwanza ilikuwa halali, ikapimwa, ikajibiwa. Shaka ya pili, kila ilipopimwa kwa utafiti wa maana, ilionekana imezidishwa au haina msingi kabisa. Hata hivyo haikufa, kwa kuwa ilijifunza kuzungumza kwa lugha ya ile ya kwanza. Daktari alisema anaogopa sumu ya dawa au usugu wa virusi, na mara nyingi aliyemwogopa alikuwa mtu aliyeketi mbele yake.

Shaka halali tuitendee haki kwanza. Dawa ya AZT iliidhinishwa Marekani Machi 1987 na ilimezwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa dozi kubwa iliyowamalizia wengi damu. Miaka michache baadaye utafiti wa Concorde, uliofanyika Uingereza, Ireland na Ufaransa, ulionyesha kwamba waliopewa AZT wakiwa hawajaanza kuugua hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Virusi vilikuwa vinaizoea dawa hiyo moja haraka mno. Daktari wa familia aliyesita kuiandika baada ya kusoma hayo alikuwa anafanya kazi aliyosomea. Hata mwaka 1996, pale mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa Vancouver, Kanada, ulipotangaza kwamba dawa tatu zikitumika pamoja huviangusha virusi hadi kipimo kisivione, furaha haikuondoa mashaka yote. Watu walinusurika kaburi, lakini baadhi walianza kubadilika maumbo.

Aliyefanya kazi katika kliniki zetu miaka ya 2004 hadi 2010 anaikumbuka stavudini. Ilikuwa ndani ya kidonge cha mchanganyiko walichopewa wengi wa mwanzo, asubuhi na jioni, pamoja na lamivudini na nevirapini. Kidonge kilikuwa cha bei nafuu, na kiliwainua watu waliobebwa kwa mikokoteni hadi mlango wa hospitali. Baada ya mwaka mmoja au miwili mashavu yalibonyea, mishipa ya miguu na mikono ikajitokeza, na nyayo zikawaka moto usiku hata shuka likawa mzigo. Nevirapini nayo ilianzishwa kwa nusu dozi kwa siku 14, kwa kuwa iliweza kuleta upele mkali, na kwa wachache ngozi ilichubuka au ini likashindwa. Tabibu aliyemwona mgonjwa wa namna hiyo mara moja hamsahau. Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2009 kwamba stavudini iondolewe hatua kwa hatua, lilikuwa linakiri kile ambacho wagonjwa walikuwa wameshakisema miaka mingi kwenye viti vya kliniki.

Sasa tazama shaka ya pili. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakati bei ya kampuni kubwa ilikuwa dola elfu kumi na zaidi. Kisingizio cha bei kikaanza kupoteza nguvu. Juni mwaka huohuo Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, aliwaambia wabunge wa nchi yake kwamba Waafrika wengi hawatumii saa, wanajua asubuhi, adhuhuri na jioni kwa kutazama jua, kwa hiyo wasingeweza kufuata ratiba ya dawa hizi. Maneno hayo yalipingwa vikali, lakini hayakutoka hewani. Wataalamu wengi waheshimiwa waliyasema kwa adabu zaidi: kwamba Afrika haiko tayari, kwamba dawa zikimwagwa huku zitazaa virusi sugu vitakavyoitesa dunia nzima. Mkulima anayejua kupanda kwa mvua za vuli na mvuvi anayejua saa ya maji kupwa na kujaa walionekana hawawezi kumeza kidonge mara mbili kwa siku.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2006 Edward Mills na wenzake walikusanya tafiti za pande mbili na kulinganisha. Wagonjwa waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 77 Afrika kusini mwa Sahara na asilimia 55 Amerika Kaskazini. Sitaki kuyageuza matokeo hayo kuwa sifa ya taifa au rangi. Waafrika wa tafiti zile walikuwa wamekiona kifo kwa macho, walikuwa na ndugu waliowakumbusha, na wengi walikuwa wamechaguliwa kuingia mipango midogo yenye uangalizi wa karibu. Uzembe wa dawa upo Tandale kama ulivyo Chicago. Ninachosema ni kwamba wale waliodai kujua walikuwa hawajui, na dai lao lilikuwa limeshacheleweshea watu dawa.

Tabia hiyo ya kumshuku mgonjwa haikuwaelekea Waafrika peke yao. Huko Vancouver, katika jimbo ambalo dawa zilitolewa bure, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba katika watu wanaojidunga madawa ya kulevya waliostahili tiba ni asilimia 40 tu waliopewa. Moja ya mambo yaliyotabiri nani angekosa dawa lilikuwa uzoefu mdogo wa daktari wake. Daktari aliyekuwa na wagonjwa wachache wa VVU ndiye aliyekuwa mwepesi kuhukumu kwamba mteja huyu hataweza. Hapa Seattle na Vancouver zinakutana: ujinga wa daktari juu ya ugonjwa huzaa shaka juu ya mgonjwa, na shaka hiyo humfanya asitibu, na kwa kutotibu anabaki mjinga vilevile.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni zito: daktari wa kawaida hakujitungia sheria, alifuata mwongozo. Mwongozo ulisema asubiri CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke chini ya 200, akasubiri. Ni kweli. Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa tiba Oktoba 2004, dawa zilikuwa chache na waliokaribia kufa walikuwa wengi, na kumtanguliza aliye hoi lilikuwa jambo la utu. Lakini baada ya miaka kadhaa uhaba ukapungua na kusubiri kukageuka kuwa hekima yenyewe. Mtu alipimwa, akaambiwa ana virusi, akapewa kadi ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC) na miadi ya miezi sita, arudi kuangalia kama amezidiwa vya kutosha kupewa dawa. Alipewa vidonge vya seprini na ushauri wa lishe. Wengi hawakurudi, na walioonekana tena waliletwa na kifua kikuu au utando mweupe mdomoni. Kliniki ikawaandika watoro.

Utafiti ulianza kubomoa hekima hiyo mwaka 2006. Ule wa SMART, uliokuwa na washiriki 5,472 katika nchi 33, ulitaka kujua kama wagonjwa wanaweza kupumzishwa dawa CD4 zikipanda, na ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopumzishwa walikuwa wanaugua na kufa zaidi. Mwaka 2011 yakaja matokeo ya utafiti wa HPTN 052: jozi 1,763 za wenza, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, katika nchi tisa, Kenya ikiwamo. Maambukizi 28 yalithibitishwa kutoka kwa mwenza mwenyewe. Katika hayo, 27 yalitokea upande uliosubiri dawa na 1 upande ulioanza mapema. Mwaka 2015 utafiti wa START ukafunga mjadala. Katika watu 4,685 ambao CD4 zao zilikuwa juu ya 500 na waliojiona wazima, waliopata ugonjwa mkubwa au kufa walikuwa 42 miongoni mwa walioanza mara moja, na 96 miongoni mwa walioambiwa wangoje. Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila mwenye virusi atibiwe bila kuangalia CD4, na mwaka 2016 Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikafuata.

Je, kabla ya hapo daktari angejuaje? Kuhusu CD4, asingeweza kujua kwa hakika, na simlaumu. Ninachomdai ni kingine. Ukisoma hoja zilizotolewa miaka ile za kutetea kusubiri, unakuta sumu ya dawa na usugu vikitajwa kwanza, kisha inafuata sentensi kwamba mtu asiyejisikia mgonjwa hatameza dawa. Sentensi hiyo haikuwa na utafiti nyuma yake kwa sababu katika kliniki zetu aliyejisikia mzima hakuwa amepewa nafasi ya kujaribu.

Wapo watakaosema kwamba hatimaye waliojisikia wazima walijaribu, na baadhi yao walishindwa. Wana ushahidi, na ni ushahidi ambao watetezi wa kutibu wote hawapaswi kuukwepa. Malawi ilianza mwaka 2011 kumpa kila mjamzito mwenye virusi ARV za maisha siku anayogunduliwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake walioanza kwa njia hiyo wakiwa wajawazito walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutorudi kabisa baada ya siku ya kwanza, wakilinganishwa na walioanza dawa kwa sababu ya kuugua. Mwanamke alikuja kupima mimba, akapimwa damu, akapewa habari iliyopasua maisha yake na chupa ya dawa katika saa moja, akaenda nayo nyumbani kwa mume asiyejua lolote. Kutorudi kwake hakunishangazi hata kidogo.

Lakini hilo linathibitisha nini? Mwenye shaka atasema linathibitisha kwamba wangengojewa. Lesotho walijaribu swali hilo kwa mizani ya haki zaidi. Wahudumu walipima watu majumbani. Kundi moja likapelekwa kliniki kwa utaratibu wa kawaida wa ushauri na vipimo kwanza, jingine likapewa dawa siku hiyohiyo hapo nyumbani. Baada ya mwaka mmoja, virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 50 ya waliopewa dawa papo hapo na asilimia 34 ya walioandaliwa kwanza. Kwa hiyo kungoja hakukumwokoa mtoro. Kulimpoteza mapema zaidi. Asilimia 50 nayo si ya kujivunia. Nusu nzima bado walikuwa nje, na hapo ndipo maneno ya tabibu yanapokuwa na uzito sawa na kidonge: amemwambia nini, kwa sauti gani, na amemwachia mlango upi wa kurudia akikosa miadi.

Pingamizi jingine lilihusu vifaa. Madaktari wengi wa hospitali kubwa waliamini kwamba bila maabara ya kupima CD4 na ini kila miezi mitatu, na bila daktari bingwa, tiba hii ingekuwa kubahatisha. Uganda na Zimbabwe zililijibu kwa utafiti wa DART, watu 3,316. Baada ya miaka mitano, waliofuatiliwa kwa vipimo vya kawaida vya maabara walikuwa hai asilimia 90, na waliofuatiliwa kwa macho na masikio ya mhudumu, maabara ikitumika pale tu alipoona haja, asilimia 87. Tofauti ipo, na maabara ina faida yake, hasa baada ya mwaka wa pili. Ila mtu aliyenyimwa dawa kwa kukosa maabara hakupoteza asilimia tatu, alipoteza karibu zote. Jinja nako walilinganisha kliniki na wahudumu wasio madaktari, waliopita majumbani kwa pikipiki kila mwezi wakipeleka dawa na kuuliza maswali ya afya. Matokeo yakalingana. Afrika Kusini ilionyesha vivyo hivyo kwa wauguzi. Nadhani hakuna eneo la tiba ambako cheo kimenyenyekezwa na takwimu kiasi hiki.

Usugu, ambao ulikuwa hofu kubwa kuliko zote, ulikuja kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika nchi 12 kati ya 18 zilizochunguzwa, zaidi ya mmoja katika kila kumi walioanza tiba walikuwa na virusi vilivyokwisha kuzoea dawa za kundi la nevirapini na efavirenzi. Waliotabiri hawakukosea kwamba ungekuja. Walikosea mshitakiwa. Usugu huo ulilelewa na dozi moja ya nevirapini waliyopewa akina mama wakati wa kujifungua bila kuendelezwa, na bohari zilizokauka dawa, na kliniki zilizochelewa kumbadilishia dawa mgonjwa ambaye virusi vilikuwa vimepanda. Hata aliyeacha dawa mwenyewe, mara nyingi aliacha kwa sababu nauli ilikuwa kubwa kuliko kibarua cha siku. Suluhisho lilipatikana kwenye dawa bora: dolutegravia, ambayo virusi huishinda kwa shida sana, leo imo ndani ya kidonge kimoja cha siku pamoja na tenofovia na lamivudini.

Dolutegravia yenyewe ilitupa mtihani mwingine. Mei 2018 watafiti wa Botswana waliripoti watoto wanne wenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo kati ya akina mama 426 waliokuwa wakiitumia wakati wa kushika mimba. Ilikuwa ishara ya hatari na kuitangaza ulikuwa uungwana. Lakini nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, zikawazuia wanawake wote wenye umri wa kuzaa kuipata, aliyetaka mtoto na asiyetaka, anayetumia njia ya uzazi wa mpango na asiyetumia. Julai mwaka huo wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali wakadai waelezwe hatari na faida kisha waachiwe uamuzi. Mwaka 2019 takwimu zilipoongezeka hatari ikaonekana ndogo mno, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Kufikia 2021 hapakuwa tena na tofauti ya maana na dawa nyingine. Tazama jinsi mizizi ile miwili ilivyosukana hapa. Kuiogopa dawa kulikuwa na msingi kwa mwaka mmoja. Kuamini kwamba mwanamke mwenye miaka 35 hawezi kuambiwa namba akazielewa hakukuwa na msingi hata siku moja.

Pahali ambapo shaka juu ya mgonjwa bado inatawala bila aibu ni kwenye habari ya kuambukiza. Utafiti wa PARTNER uliwafuatilia wenza wa Ulaya, mmoja mwenye virusi vilivyofubazwa na mwingine hana, ambao hawakutumia kondomu. Katika matendo ya ndoa takriban 58,000 hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliye kwenye tiba. Awamu ya pili, iliyochapishwa mwaka 2019 kwa wenza wanaume, ikatoa sifuri ileile. Mwenye virusi visivyoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa kunyonyesha hatari hupungua sana ingawa haifiki sifuri, na hilo nalo mama aambiwe. Hata hivyo katika uchunguzi wa watu karibu 2,400 wa nchi 25, uliofanyika mwaka 2019, theluthi moja hawakuwahi kuambiwa jambo hili na mtoa huduma wao. Hoja ya kunyamaza inajulikana: ukiwaambia wataacha kondomu, watazurura, watapata kaswende. Huenda wapo watakaofanya hivyo. Lakini daktari hamfichi mgonjwa wa presha kwamba dawa imeshusha presha yake kwa kuogopa kwamba ataanza kula chumvi. Na katika uchunguzi huohuo walioambiwa ukweli ndio waliokuwa na hali bora ya kumeza dawa.

Sitaki msomaji aone kwamba nawasahau matabibu wenyewe. Anayehudumia foleni ya watu sabini kabla ya saa nane mchana, bila glavu za kutosha, hana muda wa kutafakari mizizi ya shaka yake. Ukali wa baadhi yao ni uchovu. Lakini mgonjwa hawezi kutofautisha karipio la uchovu na karipio la dharau, na analipia yote mawili. Ndiyo maana wapo wanaobandua lebo ya chupa kabla ya kupanda daladala, wakajaza pamba ndani ili vidonge visilie njiani, na wakikosa siku tatu wanaona heri wasirudi kuliko kusemwa mbele ya watu. Mwaka 2011 maelfu walipopanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, wakiwamo watu waliokuwa kwenye ARV, wataalamu walilalamikia ujinga wa wananchi. Wachache walijiuliza kwa nini watu walikuwa tayari kulala porini siku kadhaa kumfuata mzee ambaye hakuwauliza walipataje ugonjwa.

Haya yote yana uzito mpya sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kliniki nyingi za VVU zilizotegemea mishahara ya miradi zikatikisika. Nchi zinalazimika kuwarudisha wagonjwa hawa kwenye dirisha la kawaida la wagonjwa wa nje, kwa tabibu yuleyule wa malaria na kisukari. Wengine wanauona huu kama msiba mtupu. Mimi naona hatari kubwa, kwa kuwa Seattle ilitufundisha gharama ya kuwapa wagonjwa daktari asiye na uzoefu. Naona pia kwamba VVU hatimaye itakuwa ugonjwa miongoni mwa magonjwa, ikiwa tabibu huyo atafundishwa kabla ya kukabidhiwa.

Utafiti wa taifa wa Tanzania wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika watu wazima wenye virusi, wanaojua hali yao ni asilimia 83. Katika hao wanaojua, asilimia 98 wako kwenye dawa, na katika walio kwenye dawa, asilimia 94 wamefubaza virusi. Watu waliosemwa hawataweza wameweza, kwa kiwango ambacho nchi nyingi tajiri zinakitamani. Pengo lililobaki liko kwenye asilimia 17 wasiojua, zaidi ya watu laki mbili, na wengi wao hupita mbele ya tabibu wakiwa na homa, kikohozi au jipu, wakaandikiwa antibiotiki wakaondoka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako tabibu, wa zahanati ya serikali au ya binafsi, mwenye shahada au stashahada. Mpe kipimo kila unayeona anastahili, bila kumchagua kwa sura wala mavazi. Akikutwa na virusi, na hana dalili za homa ya uti wa mgongo, mwanzishie dawa siku hiyohiyo akikubali, umpe namba ya simu itakayopokelewa. Mwambie kwamba virusi vikifubazwa hatamwambukiza mwenza wake. Akikosa miadi akarudi, muulize kwanza nauli ilikuwa shilingi ngapi.